Maji Yashukayo, Maji Yapandayo: Hesabu za Mabomba ya Sampu

Swali huwa lilelile: "Kaka, tangi langu lina lita 300, nichukue pampu ya ngapi?" Muuzaji anatupa jicho kwenye rafu, anataja namba kubwa kidogo kuliko uliyokuwa nayo kichwani, unalipa, unaondoka. Mabomba unayafikiria baadaye, na unachukua saizi inayoingia kwenye mdomo wa pampu. Tundu la kwenye kioo linatobolewa kwa kadiri ya kifaa alichonacho fundi siku hiyo. Nami nilianza hivyo. Mpangilio mzima umekaa kichwa chini miguu juu, kwa sababu pampu ndiyo ya kununuliwa mwisho.

Kwa asiyeijua, sampu ni tangi la pili linalofichwa ndani ya kabati, chini ya tangi lenye samaki. Maji ya juu yanapita ukingo na kuingia kwenye kisanduku cha ovaflo, yanashuka kwa uzito wake mwenyewe hadi sampu, yanapenya soksi ya kuchujia, sponji na vyumba vya bakteria, kisha pampu inayapandisha tena. Hita na makorokoro mengine yote yanakaa mafichoni. Kina cha tangi la juu hakibadiliki hata joto la Dar likinywa lita kadhaa, kwa kuwa upungufu unaonekana chini tu. Ni mpango mzuri sana, ila ujue kwamba umeingiza kijito sebuleni, na kijito kina sheria zake.

Sheria ya kwanza ndiyo inayofungua nyingine zote: kinachoshuka ni sawasawa na kinachopanda. Pampu ikipandisha lita 2,500 kwa saa, lita 2,500 zitashuka. Hazina pa kwenda pengine, isipokuwa bomba la kushusha likiwa dogo, na hapo zinapata pa kwenda: sakafuni. Kwa hiyo mtu anayepanua bomba la kushusha akitarajia maji yazunguke haraka zaidi anapoteza pesa, maana mwendo unawekwa na pampu. Na anayekaza valvu ya bomba la kushusha ili "apunguze kasi" anacheza na moto. Bomba la kushusha kazi yake ni moja: kuwa na uwezo uliozidi wa pampu, siku zote, hata likiwa na utelezi wa miezi sita ndani yake.

Tuchukue tangi langu kama mfano. Ni sm 120 kwa 50 kwa 50, lita 300 kwa hesabu ya kioo kitupu. Ndani wamo tropheus, wale wala mwani wa mawe ya Ziwa Tanganyika, wanaokaa kwa makundi, wanakula mara nyingi na hawavumilii maji machafu hata siku mbili. Kanuni ya wafugaji ni kupitisha maji yote kwenye sampu mara 5 hadi 10 kwa saa. Kwa tangi lililojaa walaji wa namna hii nilichagua karibu mara 8, yaani lita 2,500 kwa saa. Tangi la mimea lingetosheka na nusu yake. Namba hii ndiyo mzizi wa kila kitu kinachofuata, basi iandike mahali kabla hujaingia dukani.

Sasa tushuke na maji.

Bomba linaloshusha maji linaweza kufanya kazi kwa tabia mbili, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu bomba lilelile linabeba maji mengi au machache kutegemea tabia iliyonayo. Tabia ya kwanza ni ya bomba lenye hewa. Maji yanateremka yakiwa yameng'ang'ania kuta, katikati kuna nguzo ya hewa. Mafundi wanaopima mabomba ya maji taka ya maghorofa wanajua kwamba bomba la wima la namna hiyo linatulia likiwa limejaa robo hadi theluthi tu ya nafasi yake. Ukizidisha, maji yanaifunga hewa, hewa inatafuta njia ya kutoka, na unasikia kororo usiku kucha, kisha ghafla bomba linavuta kama choo kilichofyatuliwa, kisha kororo tena. Kwa kipimo hicho cha mafundi, bomba lenye kipenyo cha ndani cha mm 25 linabeba kwa utulivu karibu lita 800 tu kwa saa. La mm 40, ambalo dukani ni "moja na nusu", linafika karibu 2,700.

Tabia ya pili ni sifoni. Yeyote aliyewahi kuona mtu akinyonya petroli kwenye gari kwa mpira anaijua. Bomba limejaa maji kutoka mdomo hadi mwisho, hewa hakuna, na uzito wa maji yote yaliyomo unavuta yanayokuja nyuma. Kwangu, kutoka uso wa maji ndani ya kisanduku cha ovaflo hadi uso wa maji ya sampu ni sm 80. Maji yakianguka sm 80 bila kizuizi yangefikia karibu mita 4 kwa sekunde. Mdomo wa bomba, elbo, valvu na msuguano vinakula zaidi ya nusu, kwa hiyo mimi hukadiria mita 1.7. Bomba la ndani mm 25 lina eneo la sm 4.9 za mraba, na kwa mwendo huo linapitisha karibu lita 3,000 kwa saa. La mm 32 linapitisha karibu 4,900. Linganisha 800 na 3,000: bomba lilelile, mara tatu na zaidi, na halitoi hata mlio. Kimya cha sifoni kinashangaza mgeni, unaweza kudhani pampu imezimwa.

Kama sifoni ni nzuri hivyo, mbona isitumike peke yake? Kwa sababu haijirekebishi. Nguvu yake inategemea kipeuo cha pili cha urefu wa maporomoko. Maji kwenye kisanduku yakipanda sm 5 juu ya zile 80, sifoni inaongeza asilimia 3 tu ya mtiririko. Pampu ikizidi kwa asilimia 5, kisanduku kinaendelea kujaa. Ikipungua kidogo, kisanduku kinakauka, sifoni inavuta hewa, kororo linarudi. Huwezi kuzisawazisha pampu na valvu zikalingana mpaka tone la mwisho, na hata ukiweza leo, kesho konokono mmoja atakaa kwenye mdomo wa bomba.

Dawa yake ni bomba la pili. Sifoni inabeba karibu maji yote, ikiwa imekazwa kwa geti valvu (hapa kukaza kunaruhusiwa, kwa kuwa bomba la pili lipo) mpaka izidiwe kidogo tu, na kile kidogo kinachozidi kinateleza kimya kwenye bomba la pili ambalo mdomo wake uko juu zaidi. Wafugaji wa Marekani wanaufahamu mpango huu kwa jina la Herbie. Upo pia BeanAnimal, wenye mabomba matatu: sifoni, bomba la kupokea ziada, na la dharura linalokaa kavu. Lile la kati lina kijimpira cha hewa ambacho mdomo wake umewekwa juu; maji yakipanda na kuufunika, hewa inakatika na bomba hilo linageuka kuwa sifoni ya pili lenyewe. Ni ubunifu wa kupendeza, na kwa tangi kubwa la maji chumvi nisingejenga pungufu ya hapo. Kwa lita 300 za maji baridi mabomba mawili yananitosha.

Mambo matatu kuhusu mabomba hayo mawili, nayo si ya kujadili. Bomba la pili lisiwe dogo kuliko la kwanza, kwani siku la kwanza likiziba litabeba kila kitu. Lisiwe na valvu kabisa; valvu kwenye bomba la dharura ni mkono wa mtoto unaosubiri kuizungusha. Na valvu ya sifoni iwe geti, isiwe boli. Boli valvu ukiigusa kidogo umebadilisha lita mia kadhaa, wakati geti unaizungusha robo mzunguko na kusubiri.

Mimi nilichukua mm 32 kwa yote mawili, ingawa hesabu ilionyesha mm 25 ingeweza. Lita 3,000 dhidi ya 2,500 ni nafasi finyu mno kwa bomba litakaloota utelezi.

Kuna jambo moja dogo ambalo sisi wa umeme wa kukatika-katika hatuna budi kulijua. Sifoni lazima ijianzishe yenyewe umeme unaporudi saa tisa za usiku. Ili ianze, hewa iliyobaki bombani isukumwe itokee chini. Ukizamisha mwisho wa bomba sm 20 ndani ya sampu, hewa haina nguvu ya kupenya kina hicho, na sifoni inagoma. Zamisha sm 2 au 3, basi. Elbo ziwe chache, na ikibidi kupinda, elbo mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya 90. Kipande kinacholala mlalo kikwepe kama unavyokwepa deni.

Kabla maji hayajafika bombani yanapita ukingo wa kisanduku, na ukingo nao una hesabu yake. Mhandisi James B. Francis aliipima kwenye mifereji ya viwanda vya Lowell, Massachusetts, akachapisha matokeo mwaka 1855, na fomula yake inatumika kwenye mabwawa mpaka leo. Kwa lita 2,500 kwa saa na ukingo wa sm 30 ulio wazi, maji yatapanda mm 12 juu ya ukingo. Ukiweka meno ya kuzuia samaki yanayokula nusu ya upana, yanapanda karibu mm 19. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ishike akilini, kwani hizo mm 19 zote zitashuka chini umeme ukikatika.

Tundu lenyewe litobolewe mbali na kona na kingo za kioo, na liwe la konekta uliyoishika mkononi, siyo ya kukisia. Uliza kwanza kama kioo ni cha kawaida: kile kilichoimarishwa kwa moto hakitobolewi, kinasambaratika chote kwa mpigo mmoja. Konekta iwe ya plastiki. Za shaba ziachie tangi la maji la juu ya paa, hasa kama unafuga kamba au matumbawe, maana shaba inawaua.

Tupande sasa.

Bomba la kurudisha watu wanalidharau kwa sababu pampu inasukuma, kwa hiyo "itapita tu". Inapita, ila kwa gharama. Boksi la pampu lina namba mbili kubwa, tuseme lita 5,000 kwa saa na mita 4. Namba hizo haziwezi kutokea pamoja. Lita 5,000 ni pale pampu haipandishi maji hata sentimita moja. Mita 4 ni pale maji yamesimama juu ya bomba na hakuna hata tone linalotoka. Wewe uko mahali fulani katikati, na ni bomba lako linaloamua ni wapi.

Mwinuko halisi kwangu, kutoka uso wa maji ya sampu hadi uso wa tangi, ni mita 1. Bomba la kurudisha lina urefu wa mita 2.5 na elbo nne. Elbo moja ya nyuzi 90 inasumbua maji sawa na kipande cha bomba chenye urefu wa mara 30 ya kipenyo chake, kwa hiyo elbo nne si kitu kidogo. Nilipopiga hesabu ya lita 2,500 kwa saa kwa mabomba matatu niliyoyakuta dukani, nilikaa chini.

La kwanza lilikuwa lile la plastiki la kijani, PPR, la mm 25, ambalo fundi huliita robo tatu. Mm 25 ni kipimo cha nje. Aina ya PN20, yenye ukuta mnene wa kuhimili shinikizo, ina ukuta wa mm 4.2, kwa hiyo ndani imebaki mm 16.6. Msuguano wa bomba na elbo unafika karibu mita 3, ukijumlisha na mwinuko pampu inahisi inapandisha mita 4. Pampu ile ya kwenye boksi ingenguruma pale bila kuzifikia lita 2,500. La pili, PPR ya mm 32, "inchi moja", ndani ni mm 21.2: jumla inashuka hadi mita 2. La tatu, PVC yenye ndani mm 26: mita 1.4. Njia ileile, elbo zilezile. Msuguano unategemea kipenyo kikiwa kimezidishwa chenyewe karibu mara tano. Ukipunguza kipenyo nusu, msuguano unapanda karibu mara 29. Ndiyo maana pampu ndogo yenye bomba pana inaipiga pampu kubwa yenye bomba jembamba, na bili ya umeme inaliona hilo kila mwezi, saa 24 kwa siku.

Basi usiulize bomba kwa jina la inchi. Chukua rula, pima tundu.

Hapo ndipo pampu inaponunuliwa. Unatafuta ile ambayo mchoro wake unaonyesha lita 2,500 au zaidi kidogo pale kwenye mita 1.4. Ziada unaikaza kwa valvu upande wa kutokea, kamwe si upande wa kuingilia, maana pampu ikinyimwa maji inatafuna hewa na kujiua. Weka na yunioni, kiungo kinachofunguliwa, juu yake, vinginevyo siku ya kuisafisha utakata bomba kwa msumeno.

Nimeacha kwa makusudi jambo la umeme hadi sasa, ingawa ndilo lililonifundisha.

Pampu ikizimika, maji yaliyo juu ya ukingo yanamalizikia kushuka. Hilo kila mtu analitarajia. Wasilolitarajia ni kwamba bomba la kurudisha nalo linageuka sifoni, linavuta maji ya tangi kurudi chini mpaka mdomo wake utokeze hewani. Tangi langu lina uso wa sm 120 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita ni lita 6. Mwanzoni niliushusha mdomo wa bomba sm 9 chini ya maji, kwa sababu ulipendeza na ulisukuma uchafu vizuri. Sm 9 ni lita 54. Kisanduku cha ovaflo kiliongeza 7, mabomba 1. Jumla 62. Sampu yangu ni sm 80 kwa 40, lita 3.2 kwa kila sentimita, na juu ya maji palikuwa na sm 13 tupu: nafasi ya lita 41 na ushee. Umeme ulikatika tumelala. Lita 20 na zaidi, ndoo nzima, zilipita chini ya kabati, zikafuata ufa wa sakafu, zikamtembelea jirani wa chini. Alikuja kugonga na khanga iliyolowa mkononi, hakusema mengi, alinionyesha tu. Kosa halikuwa la umeme wala la fundi. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita, na sikuwa nimeifanya.

Wengi wanakimbilia nonritani valvu, ile inayopitisha maji upande mmoja tu. Mimi siiamini. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye mlango wake, haifungi. Wengine wanatoboa tundu dogo la mm 5 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa mapema. Ni zuri likiwa safi, ila mwani hulipenda tundu hilo kuliko mahali pengine popote. Kinachoaminika ni urefu wa mdomo wenyewe. Wangu sasa uko sm 3 tu chini ya maji: lita 18, na 7 za kisanduku, na 1 ya bomba, jumla 26. Sampu inapanda sm 8. Nikaweka sm 3 za akiba, zikawa 11.

Upo upande wa pili wa hesabu hii, nao unasahaulika zaidi. Mabomba ya kushusha yakiziba yote, pampu itapandisha maji ya chumba chake cha mwisho hadi kiishe. Chumba hicho kwangu kina lita 16. Juu ya tangi, kutoka uso wa maji hadi mdomo wa kioo, nina sm 4, yaani lita 24. Pampu itabaki kavu na huenda ikaungua, lakini sakafu itabaki kavu pia. Ungependa chumba kikubwa ili usiongeze maji kila siku wakati wa joto? Sawa, ila kikizidi nafasi iliyoko juu umejitegea mtego.

Yote haya yanajaribiwa kabla samaki hawajaingia, na jaribio lenyewe ni la mchana mmoja. Jaza, washa, subiri maji yatulie, zima. Tazama sampu inapanda hadi wapi. Washa tena, sikiliza sifoni ikimeza hewa yake na kunyamaza. Rudia mara tano, sita, kisha ziba mabomba ya kushusha kwa kitambaa uone tangi linasimama wapi. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili, mtu mzima anazima na kuwasha swichi huku amelala kifudifudi mbele ya kabati.

Kwenye kioo cha sampu kuna mstari mweusi wa maka peni, sm 11 chini ya mdomo. Nikiongeza maji asubuhi, naishia hapo.